Kidole Kimoja cha Manukato Yako

Papa,

Kwa heshima na taadhima, na kwa masikitiko yanayostahili, ninakutangazia rasmi kwamba leo asubuhi, mbele ya kioo kikubwa cha saluni yako hapa Kamembe, manukato yako yamepimwa na kukutwa yamebaki kidole kimoja. Kidole kilicholala, si kilichosimama. Soko lilifunguliwa kama kawaida. Hakuna bendera iliyoshushwa nusu mlingoti.

Hujui yalivyonifikia. Siku ya kuondoa matanga, vitu vyako viligawanywa uani. Koti lilikwenda kwa baba mdogo, ingawa halifungi tumboni mwake. Redio ilichukuliwa kabla haijatajwa. Ile chupa ya kijani ilizunguka mikononi, kila mmoja akainusa, akakunja uso, akampa wa pili wake. Ilipofika kwangu watu walikuwa wamekwisha. Ndivyo nilivyorithi. Saluni nayo niliirithi hivyo hivyo, ila hiyo hakuna aliyeinusa.

Sikuwa na nia ya kuyatumia. Jumapili moja tu, nikienda misa, nilipulizia kidogo shingoni kwa sababu nilikukumbuka. Ulikuwa unapuliza hewani, unangoja, halafu unapita katikati yake polepole. "Usikimbie," uliniambia. "Ingia kama muntu anaingia kanisa." Nikaingia hivyo. Kisha nikapita chumbani kwa Koko kumsalimu. Mama yako siku hizi macho yake ni ukungu mtupu. Tulimwambia kwamba moyo wako ulisimama, akalia nasi siku tatu, halafu habari ile ikamtoka kichwani na chakula nacho kikamtoka mdomoni. Wiki nzima alikuwa anageukia ukuta. Basi nikaingia. Akainua kichwa.

"Umefika, mutoto yangu? Leo umechelewa."

Papa, ningesema jina langu. Lilikuwa hapa hapa mdomoni. Nikasema, "Ndiyo, Mama." Nilimwita bibi yangu Mama. Akaomba bugali, akala sahani yote na sombe yake, yale majani ya muhogo, akalamba na vidole.

Tangu siku ile sitoki ndani ya manukato haya. Tante Domitila, dada yako, amerudi kwetu kumtunza Koko, na amejiweka pale mlangoni kama afisa wa forodha. Asubuhi kabla ya kazi, na tena jioni, siingii bila kunuswa. "Umeweka ile bintu ya papa yako? Kuya hapa nisikie." Ananusa kushoto, ananusa kulia, ndipo napewa sahani na ruhusa ya kupita. Miezi saba. Sijawahi hata mara moja kuingia bila manukato kuona litatokea nini. Nani ajaribu, na kama akigeukia tena ukuta?

Kwa kuwa nimefungwa nayo, nimeyasoma. Mfungwa huujua ukuta wake. Yakitoka tu kwenye chupa ni ukali wa maharagwe mabichi yanayovunjwa, na ule utomvu wa mgomba uliokatwa sasa hivi, unaoshika hadi kooni. Hapo ndipo nilipokucheka, unisamehe. Ulikimbia mashamba ya Gashonga ukiwa kijana, ukaapa hutashika jembe tena, halafu ukanunua shamba ndani ya chupa. Mwenye moto, pikipiki inayonipeleka kazini, alivua kofia anayowavalisha abiria, akainusa ndani, akaniuliza, "Unauzaka sombe? Abiria bananiuliza kama nabeba mboga."

Baada ya saa moja yanatulia. Yanatoka maua, yale meupe ya kanisani wakati wa Pasaka, yenye baridi. Hapo napenda, sitakudanganya. Mchana, mashine za kunyolea zikipata moto na ile alkoli ya bluu ikianza kupanda, yanageuka sabuni nzuri tu, sabuni ya mtu mwenye kazi ya ofisini. Mvua ikinyesha Kamembe yanaamka upya, hata kwenye shati la juzi. Jioni kinachobaki ni kwenye kola tu: ukoga chini ya jiwe, uchungu kidogo. Nimekadiria kwa uangalifu wote, na uamuzi wangu ni huu: ni manukato mazuri sana, ya mtu aliyekwisha kufika anakokwenda. Mimi sijafika popote. Kwangu yamekaa kama lile koti kwa baba mdogo, ila kinyume: yeye linambana, mimi yananipwaya.

Nimeelewa pia kwa nini uliyanunua. Wateja walipata alkoli ya bluu, wewe ukajiwekea majani. Ulisema kinyozi, kwapa yake inakaa puani mwa muntu kutwa nzima, kwa hiyo ni lazima ajiheshimu. Sijasikia mahubiri yaliyozidi hapo. Wazee wako wanakuja bado. Wanakaa, wanafumba macho, na nikiinua mkono kunyoa upande wa sikio wanavuta pumzi ndefu. Mmoja alisema, bila kufumbua, "Usiongee, mutoto. Ngoja kidogo." Nikangoja, wembe mkononi. Sijui alikuwa anaongea nawe nini.

Sasa tuje kwa Espérance. Unamjua, yule wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, uliyemwita mkwe wako hata kabla sijamwambia yeye mwenyewe neno. Kaka yake ana saluni kule, na kiti kimoja ni changu nikivuka. Ndivyo tulivyopatana: nivuke, nifanye kazi, tufunge ndoa. Jumapili navuka daraja kumwona nikiwa nimejisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya kufulia. Hayatoki, Papa. Yameingia kwenye ngozi kama tabia. Jumapili iliyopita nilimkumbatia, akanisukuma taratibu kwa viganja viwili.

"Nakumbatia wewe, nasikia papa mukwe. Mie naogopa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Ile kiti haitangoja mupaka Noeli," akasema. "Na mie sitaolewa na muntu mwenye alikufa."

Nilirudi nikiwa nimekasirika, na wa kumkasirikia ni wewe tu, na wewe huna habari.

Kuna jambo jingine sijamwambia Tante. Koko ananiuliza habari zangu. Mimi mwenyewe. Nakaa kando ya kitanda, namega bugali, naye anauliza, "Na ule kijana yako, ataoa lini?" Natafuta jibu la heshima. "Anakawia, Mama." Juzi aliacha kutafuna kabisa. Akashika mkono wangu, akaupapasa kidole kwa kidole kama anahesabu maharagwe.

"Umwambie aende. Anabakia hapa anatafuta nini? Batoto banaendaka."

Nilimwambia nitamfikishia ujumbe.

Nimetafuta chupa nyingine. Kamembe hakuna. Bukavu muuzaji alinitolea moja ya kijani vile vile, akaapa kwa watoto wake wote. Ilinuka dawa ya kufutia sakafu. Nimekwisha kuongeza maji mara mbili kwenye yako. Nakiri hapa kwa sababu hutaweza kunipiga.

Kwa hiyo nakuahidi, Papa, na hii ni ahadi ya mtu uliyemfundisha kushika wembe bila kutetemeka. Kidole hiki kikiisha, nitaingia kwa Koko nikiwa na harufu yangu, iwayo yote. Nitamwambia jina langu. Nitamwambia wewe hutachelewa tena, kwa kuwa huji. Akigeukia ukuta nitakaa naye mpaka ageuke. Kisha nitavuka. Kioo chako nitakifunika kwa shuka safi, na chupa tupu nitaiacha palepale kwenye rafu yake.

Pumzika sasa. Miezi saba umefanya kazi mbili kwa siku kupitia shingo yangu, na hujalalamika. Kwaheri, Papa. Kwaheri, kinyozi wangu.

Barua hii niliiacha jana chini ya sanduku la mashine. Leo naongeza kidogo. Koko amekohoa siku tatu, Tante akamwita muuguzi wa kituo cha afya. Muuguzi alimpaka kifuani dawa ile kali, inayowatoa machozi hata walio nje ya nyumba, akamwuliza kama harufu haimsumbui. Koko akasema, "Haisumbue. Pua yangu ilikufaka zamani, na homa, mutoto yangu hajaoa bado."

Tante alikaa kitandani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimekwisha kupulizia.

Koko hasikii harufu ya kitu chochote tangu kabla sijazaliwa. Miezi saba, Papa, si manukato yako yaliyomlisha; ni mimi tu niliyeingia.