Nane Mbili za Mahajanga

Mjukuu wangu Nasra,

Barua yako imetukuta wazima hapa Nosy Be. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Unaniuliza kutoka huko Zanzibar ni wakati gani uliopotea ninaoukumbuka. Ni muda wa saa sita tu. Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nilikwenda Mahajanga kufanya mtihani wa uuguzi, nikafikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Mahabibo. Karani wa mtihani alipita nikiwa kisimani, akamwachia ujumbe kwa Kimalagasi: kesho, valo, yaani nane. Shangazi alihesabu saa kama mnavyohesabu nyinyi, akaniambia saa nane mchana. Kumbe karani alihesabu kama Wafaransa: kwenu nyinyi, saa mbili asubuhi.

Tulifika mchana, mlango umefungwa. Shangazi akanigeukia: "Kwani nane ziko ngapi?" Tulicheka njia nzima, kisha nikalia.

Nilirudi nyumbani, nikaolewa na babu yako. Sijuti. Ila kila nikimwona muuguzi, humtazama mpaka anaona haya. Natamani kumuuliza yule mimi aliyewahi mtihani: naye ana mjukuu anayemwandikia?

Bibi yako,
Echati