Muratina Bado Imejaa

Maurine, sherehe ya mahari yangu imesimama. Imesimama kabisa, na mimi ndiye niliyeisimamisha.

Unajua baba hawezi kunywa muratina, pombe yetu ya jadi, kabla mimi sijaionja na kumruhusu. Nikapewa pembe ya kunywea, nikaigusisha midomo tu, kwa sababu ya zile dawa zangu za viungo. Daktari alishanionya kwamba zikikutana na pombe zitaniharibia ini.

Shangazi yake Mutahi, yule Wakonyo wa Tetu, akasimama mbele ya wazee wote. "Bibi harusi haonji? Basi tuambieni mimba ni ya nani!"

Ati mimba ni ya nani!

Watu wakacheka. Nikamtazama Mutahi, bwana harusi wangu, ambaye mwenyewe huenda kunichukulia hizo dawa. Akaanza kukagua viatu vyake. Viatu, Maurine!

Baba akauliza kwa desturi, "Binti yangu, tuinywe?"

"Hapana, Baba."

Akadhani sijasikia, akaniita kama anavyoniita nyumbani: "Mama, tuinywe?"

"Hapana. Kwanza Wakonyo apige magoti aniombe msamaha. Na Mutahi asimame awaambie wazee ninameza nini, na kwa nini."

Nikaiweka pembe chini, nikaondoka.

Sasa niko jikoni na soda yangu, nawasikia kupitia dirisha. Mzee mmoja wa upande wao anamsihi Wakonyo, "Piga magoti tu, mama, tumetoka mbali."

Pombe imejaa, jua ni kali, na mimi sina kiu.