Kazi ya Kununulia Pua

Jumapili. Mvua imenyesha tangu misa ya kwanza, ziwa lina rangi ya sufuria kuukuu, na mlima Nyiragongo hauonekani.

“Usiulize unapenda kazi gani. Uliza ni kazi gani itakayokulipia mwili unaoutaka. Mwili ni mtaji.”

Maneno hayo si yangu. Nisingeyasema hata nikiwa na homa. Ni ya mshauri wa vijana aliyezungumza jana katika ukumbi wa hoteli moja hapa ufukweni. Ukumbi ulijaa, wakampigia makofi. Aliyeketi kushoto kwangu naye akapiga makofi, na huyo ni Divine, binti wa marehemu kaka yangu, ninayeishi naye.

Mtaji! Ng'ombe ni mtaji. Mtumbwi ni mtaji. Mtaji ni kitu unachoweza kukiuza, wewe ukabaki mzima. Aliyeufanya mwili wake bidhaa anarudi nyumbani jioni akiwa nani? Na mtu akinishauri nichague kazi ya maisha yangu yote ili nilipie kisu cha mchana mmoja, namuuliza hivi: kidonda kikishapona, kazi hiyo nitaifanyia nini?

Najua mtakachonijibu, maana wasomaji wangu hampendi kunyamaza. Mtasema kuna watoto wanaozaliwa na mdomo uliopasuka, kuna walioungua moto. Upasuaji huo nauheshimu. Nazungumzia msichana mzima, anayepumua vizuri, anayenusa mboga ya isombe ikianza kuungua kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani.

Divine ana nafasi katika shule ya wakunga. Anatakiwa kuripoti Jumatano. Hataki tena. Amepata kazi ya udalali wa viwanja vya ziwani, kwa sababu dalali akinasa wateja wakubwa wachache kutoka Goma au Kigali, anaweza kusafiri nje ya nchi akachongwe pua iwe nyembamba. Viwanja havipendi. Ni njia tu ya kufikia meza ya daktari.

Na huyu ndiye aliyepiga magoti mwaka jana kwenye foleni ya barrière ndogo, pale mama mmoja muuza nyanya aliposhikwa na uchungu kabla hajavuka mpaka. Wanaume waligeuza nyuso. Divine akavua kitenge chake akakitandika. Alirudi nyumbani na damu kwenye viwiko, akicheka: “Shangazi, ile mutoto iko na sauti ya padiri!”

Sijawahi kuona uso mzuri kuliko uso ule. Na pua ilikuwapo.

Jana tulirudi kwa miguu, mimi nikimchambua yule mshauri njia nzima. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyomchana humu, aya kwa aya. Tulipokaribia soko, Divine akasimama.

“Shangazi, acha yule mutu. Mi nilianza kutaka hii pua itoke kabla ya kumusikia.”

“Nani basi alikutia hilo kichwani?”

“Bakwe zetu.”

Akanieleza. Ilikuwa siku ya gusaba, walipokuja kumposa dada yake. Divine alikuwa miongoni mwa wasichana waliobeba vikapu vya zawadi. Mnajua desturi yetu: msichana mwenye kikapu hageuki wala hajibu. Anatembea polepole, macho chini, anatabasamu. Upande wa wageni, safu ya mbele, waliketi wanawake watatu, mashangazi wa bwana harusi. Mmoja akasema bila hata kunong'ona: “Uyu wa nyuma iko muzuri, shida ni pua. Ingekuwa nyembamba, bon, tungechukua wawili.” Wa pili akadakia: “Mumuondoe mbio, atatumalizia hewa ya hema!” Wa tatu akacheka mpaka akajimwagia soda.

Divine akaendelea kutabasamu. Ndiyo desturi.

Mimi sikusikia. Nilikuwa ndani nikimfunga bibi harusi vazi la mshanana.

Hasira yangu yote niliiandaa kwa mtu wa kipaza sauti, kumbe yeye alikuta jeraha tayari, akalitafutia bei. Waliojeruhi ni wanawake wa umri wangu, waliovaa vizuri, wanaosali. Wa umri wangu! Nyinyi mashangazi watatu mnajua pua iliwahi kuwa nini katika nchi hii. Wakoloni walikuja na vyuma vyao vya kupimia, wakapima pua za babu zetu, wakaandika nani ni wa kabila gani, na sote tunajua njia ile ilitufikisha kwenye mauaji ya halaiki. Mtoto wa miaka ishirini anaweza kusamehewa kwa kutojua. Nyinyi hapana. Mmekiokota chuma kile kile, mkakipaka manukato, mkakiita utani.

Mnanitia kinyaa.

Na hapa lazima niseme ukweli wote. Pua hiyo ni ya mama yangu. Mama hana picha hata moja. Zote zilibaki tulipokimbilia Tanzania, mimi nikiwa mtoto. Nikitaka kumwona, namtazama Divine akipuliza chai. Jana nilitaka kumwambia hivyo, nikajizuia. Uso ni wake. Si kaburi la mama yangu. Akija kuamua kuuchonga akiwa na miaka arobaini, kwa akili yake mwenyewe, nitalia, kisha nitamsindikiza hospitali na kumshikia mkoba.

Lakini hili la sasa si uamuzi. Ni jibu la msichana aliyekatazwa kujibu.

Kwetu shangazi ndiye anayemwambia binti ukweli kuhusu mwili wake. Baba hawezi, mama huona haya. Leo asubuhi nilijaribu kuifanya kazi hiyo. Nikamwambia ni mzuri. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

“We unasema hivyo sababu unanipenda.”

Ana haki ya kusema hivyo. Neno langu halitoshi, kwa kuwa si neno langu lililomuumiza.

Kwa hiyo nawaandikia nyinyi watatu, wakwe zetu wa Nyakiriba. Najua mnasoma hapa. Mmoja wenu huniwekea dole gumba kila Jumapili. Njooni nyumbani kwangu kabla ya Jumatano. Msilete kreti la soda. Msilete msemaji wa kuzungusha maneno kama siku ile. Ketini mbele ya Divine, kila mmoja amwambie alichosema, na kwamba kilikuwa uchafu. Safari hii hatakuwa na kikapu mikononi. Atawajibu, na nyinyi mtatazama chini mpaka amalize.