Mjomba Amempa Mwanawe Dimba Langu

Mpendwa Mama Nasiyaya wa redio, naomba msaada maana nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni binti wa hapa Phalombe, na mvua zilipokatika misimu miwili mfululizo, mahindi ya shamba la juu yakakauka kabla ya kuzaa, mama akanikabidhi dimba la marehemu bibi, ile bustani ya bondeni kando ya kijito ambako udongo haukauki, nikapanda mboga za mpiru na nyanya na mahindi ya kiangazi, na hayo ndiyo yanayotulisha mpaka leo. Sasa kimbunga kikaja, mto ukachukua mashamba ya ukoo wa mke wa Mjomba Lackson, kaka yake mama, kule Chikwawa, na mwanawe Mayeso aliyekuwa akilima huko akaja kwetu mikono mitupu. Juzi nimeshuka na ndoo yangu nikamkuta Mayeso analima matuta yangu, nikamuuliza, "Kaka, umepotea njia?" Akasema, "Baba ndiye kaniambia nilime hapa, dada. Kama una pengine pa kunipeleka, nipeleke." Tukaketi tukala viazi nilivyobeba. Nilipomwendea mjomba akasema, "Wewe utaolewa, mumeo atakulisha. Umemzidi ng'ombe darasa moja, unataka kunifundisha mambo ya ukoo?" Mama hataki kumpinga, anasema mjomba ndiye aliyenisomesha, na ni kweli, nami nampenda, na Mayeso namwonea huruma, ila nikimwachia dimba wadogo zangu watakula nini, basi naona bora niende kuchuma chai Thyolo, wagombane wenyewe. Nifanyeje, mama?
Zione

Zione mwanangu, pole. Hiyo safari ya Thyolo iache kwanza. Ukiondoka na hasira, hakuna aliyekufukuza, umejifukuza mwenyewe, na wadogo zako watabaki na njaa ileile.

Mjomba wako mheshimu, amekulea. Lakini sisi Walomwe ardhi hupita kwa wanawake: ilitoka kwa bibi, ikaja kwa mama yako, sasa imefika kwako. Mjomba ni mlinzi wa dada zake, na mlinzi hagawi nyumba anayoilinda. Analijua hilo kuliko mimi. Na huyo mume atakayekuoa si kwa mila yetu atakuja kuishi kwenu? Atakulisha kwa shamba lipi? Hayo ungemuuliza mjomba palepale, badala ya kunyamaza kisha ukaniandikia mimi niliye Blantyre. Nawe mama Zione, kama unanisikia, heshima si kufunga mdomo mwanao anapoporwa.

Nendeni kwa mkuu wa kijiji, wewe, mama yako na mama zako wadogo wote, na mjomba awepo. Semeni kwa upole dimba ni la nani. Kisha kamati ya ardhi ya kijiji ipime na kuandika jina la mama yako na lako. Msiende kwa siri, ardhi iliyoandikwa kwa kificho huzaa kesi.

Sasa Mayeso. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wako kalishika mwenyewe, usimfukuze. Ardhi imemtoka miguuni bila kosa lake. Mwazime ukingo wa juu kwa misimu miwili, mbele ya mashahidi, naye akusaidie kuchimba mfereji wa kumwagilia. Apande mahindi, apande mboga, vitu vinavyoondoka na msimu. Mgomba asipande hata mmoja. Mtu akishakula ndizi za mgomba wake mahali, humtoi tena.