Karatasi Iliyokuwa Chini ya Kiwiko Changu

Kwako Ami Shee,

Salamu zangu sijui kama utazipokea, lakini nakuletea. Hupokei simu zangu tangu uhamie Lamu kwa binti yako, na sikulaumu. Nakuandikia barua ya wazi, asome anayetaka, kwa sababu yaliyokufukuzisha kazi yalifanywa mlango umefungwa, nami nilikuwa ndani.

Miaka tisa tulikuwa pamoja katika ghala lile la viungo, Mji wa Kale. Wewe mtunza ghala, mimi karani wako kutoka bara, niliyeona mdalasini siku ya kwanza nikadhani ni kuni. Ulicheka hadi ukavua kofia. “Mwanangu, kuni hizo zatiwa chai,” ukaniambia. Tangu siku hiyo nikawa mwanao.

Ijumaa ukienda kuswali uliniachia kalamu. Malori hayangoji hotuba imalizike, na karatasi ya kutolea mali isiyo na sahihi ya mtunza ghala haipiti getini. Basi nikaandika jina lako. Jumapili za kazi nawe ulishika daftari langu, ukaandika jina langu, ili niwahi kwaya kanisani Tononoka. Ofisi nzima ilijua, meneja akiwa wa kwanza.

Ndipo ukaletewa barua ya mashtaka: magunia thelathini ya iliki yametolewa kinyume cha taratibu, kwa sahihi yako. Siku haikutajwa. Uliomba kwa maandishi upewe nakala ya hiyo karatasi kabla ya kikao. Jibu nililichapa mimi, Ami. “Kwa mujibu wa taratibu, nyaraka ni mali ya kampuni.” Meneja alilisoma kwa sauti, akaniambia nimesahau koma. Nikaiweka.

Kikaoni niliwekwa niandike kumbukumbu, faili mbele yangu. Mwenyekiti alikuwa meneja huyo huyo.

“Nionyesheni hiyo karatasi niione kwa mato yangu,” ulisema, sauti ya chini, mikono juu ya meza. “N’tajibu nini nami sijaona kitu?”

“Mzee, jibu ulichoulizwa,” meneja akakukatiza.

Sheria inasema mfanyakazi asikilizwe kabla ya kufukuzwa. Kusikilizwa gani huko, pale mtu anapotakiwa ajitetee kwa jambo lisilo na siku, na karatasi inayomshtaki haruhusiwi hata kuitazama? Upuuzi mtupu, tena upuuzi uliopigwa muhuri.

Nikafungua faili. Karatasi ilikuwa juu kabisa. Ya Ijumaa, saa saba mchana. Jina lako, mwandiko wangu. Na pembeni, kwa ule wino mwekundu anaoutumia mtu mmoja tu ofisini, meneja alikuwa ameandika: “Toa.” Hapo nikakumbuka lori, na meneja amesimama mlangoni akinihimiza nifanye upesi. Kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani, nami ndiye niliyekuwa nikiiandika. Nikaifunika karatasi kwa kiwiko.

Meneja akakuuliza, “Kuna mtu mwingine anayeandika jina lako?”

Ulinitazama kidogo tu. “Hakuna,” ukasema.

Nami nikaandika kwenye kumbukumbu: hakuna.

Nilijiambia ni kwa sababu ya nyumba yangu ya Buxton na karo ya watoto. Uongo. Wewe pia ulikuwa na nyumba, na mwaka mmoja tu ulikuwa umebaki ustaafu. Nilinyamaza kwa woga. Sasa kila Jumatatu meneja hutusimamisha ghalani akatuhubiria uaminifu, huku anatafuna iliki na kututemea makapi miguuni. Akimaliza, tunapiga makofi. Nami napiga. Yeye ananitia kinyaa, lakini nikifika nyumbani nikanawa mikono, kinyaa kilichobaki ni changu mwenyewe.

Nimetoa nakala mbili za ile karatasi. Moja nimeiambatisha hapa. Ya pili nimempa wakili wa chama cha wafanyakazi aliyeshika kesi yako ya kupinga kufukuzwa, nikamwambia mwandiko ni wangu. Aliniuliza kama najua kwamba nitafutwa kazi. Najua. Kisha akaniambia jambo lililoninyima usingizi: kwamba amekuuliza mara tatu ni nani aliyekuwa akikushikia kalamu siku za Ijumaa, na mara zote tatu umemjibu humjui.

Wacha, Ami. Huo wema wako umeshanilinda vya kutosha, na umekula riziki yako. Sikuombi msamaha, sijafikia hapo. Hakimu akikuuliza ni nani aliyeandika jina lako, nitaje.

Ni mimi,
mwanao wa ghalani.