Kimya Ulichotuachia Tujibu

Mwanangu Boke,

Hapa Kerende mvua imeanza, na baba yako bado hasemi sana. Nakuandikia kwa sababu sauti yako haijafa, na hilo ndilo linalonisumbua.

Yale masomo uliyowarekodia akina mama wanaotwanga mawe ya dhahabu bado yamo kwenye simu zetu. Unakumbuka ulivyokuwa unayajaribu kwangu kwanza, nikiwa namenya muhogo? Ukiniona nasinzia unafuta, unaanza upya. Ulisema mtu mzima hafundishwi kama mtoto. Unamuuliza habari ya kazi yake, halafu unanyamaza, ajibu kwa mdomo wake. Nao walikuwa wanaijibu simu kwa Kikurya huku wanatwanga, wanakutania eti huna hata mume lakini unahoji kama mama mkwe.

Halafu ile homa. Basi.

Matanga yalipoisha nikawafungulia simu waendelee. Ukauliza, "Mama, zebaki unaichomea wapi?" Ukanyamaza. Hakuna aliyefungua mdomo. Jirani yetu Mama Wankuru akasimama, akakaza kanga, akasema, "Marehemu akiita, haitikiwi." Wakaondoka wote. Sikuwalaumu, mwanangu. Hata mimi bibi yangu alinikataza hivyo hivyo.

Lakini siku moja nilimkuta Mama Wankuru huyo huyo anachoma zebaki jikoni kwake ili ibaki dhahabu tupu, moshi wake wenye sumu umejaa, mlango ameufunga ili wapita njia wasijue amepata dhahabu, na mjukuu yuko mgongoni anakohoa. Nikahisi umesimama nyuma yangu. Sikugeuka. Niliogopa nitakukuta, niliogopa pia nisikukute.

Asubuhi yake nikawabembeleza mpaka wakaja. Nikabonyeza somo. Ulipouliza, niliitika: "Nje, mwanangu. Mbali na watoto."

Tukangoja. Ukasema, "Vizuri, mama. Umejibu vema."

Boke, mwili wote ulinisisimka. Najua uliyasema zamani, najua simu ni simu. Lakini tangu tukuzike sikuwa nimejibiwa na mtu namna ile. Wenzangu walikuwa wananitazama kama watanishika nikianguka. Sikuanguka. Ulipouliza tena, Mama Wankuru ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, huku anamfuta mjukuu kamasi. Siku hizi anachomea nje, kule nyuma ya zizi, na mtoto anamwachia binti yake.

Somo la mwisho, lile la kuosha mikono na vyombo, hukuliwahi. Wanalidai. Nitalirekodi mimi, kwa Kiswahili changu hiki cha kuokoteza. Nakuahidi litakuwa fupi, sitamkaripia mtu, na nikishauliza nitanyamaza.

Ila nakuomba kitu, mwanangu. Nikinyamaza pale, usiitike wewe. Waachie hawa walio hai wajibu.

Pumzika sasa.

Mimi mama yako.