Msiro si Mweupe

Picha za mwanangu zinatundikwa! Kumi na mbili, kubwa kama madirisha, ukutani shuleni, hapa hapa Palma, na jina lake chini ya kila moja. Na jina la baba yake pia, mtu ambaye hata picha ya kitambulisho humtoa jasho.

Sasa niwaamkie. Assalamu alaikum, nyote mnaosoma. Leo Jumatatu. Joto limekaa juu ya bati tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga, upepo hakuna, na mie nimechoka mpaka kucha.

Kwa wasiomjua, Atija ni mwanangu wa pili, aliyesoma Pemba, ule mji mkubwa wa mkoa wetu, si kisiwa. Tangu gesi ipatikane huko baharini, kila kijana hapa anataka udereva au ulinzi. Wangu alinunua kamera. Si ya simu. Kamera hasa, nzito kama jiwe la kusagia. Mie nimeishia darasa la nne, blogu hii kanifungulia yeye, na herufi nikikosea anazipanga yeye. Lakini uchungu wa kumzaa niliusikia mwenyewe, kwa hiyo sifa nitazisema mwenyewe.

Najisifu sana. Najua. Safari hii sifa zangu zimenitokea puani.

Picha iliyo kubwa kuliko zote ni ya wanawake, uani kwa Bi Mwanaisha. Huyo ni mwenzangu, tulichezwa unyago siku moja, hakuna siri yangu asiyoijua. Kijiji chao kimo ndani ya eneo la mradi wa gesi, kwa hiyo wanahamishwa. Jumapili hii gari linakuja kuchukua mabati yake, milango yake, na yeye mwenyewe. Atija akasema, kabla ua haujavunjwa, tuupige picha na watu wake wakiwa ndani.

Basi Jumatano iliyopita tulikwenda. Mie nikajifanya bosi. Nikawaambia wanawake wote wajipake msiro, ule mti wetu tunaousugua kwenye jiwe kwa maji mpaka utoe uji, kwa sababu kamera kubwa inataka uso ulioandaliwa. Mume wangu nikamsukumiza mwisho wa mstari na kanzu yake, maana haiwezekani mwanangu apige picha kubwa na baba yake asiwemo. Bi Mwanaisha alikuwa na beseni lake la chumvi pembeni, ile anayochemsha na kuuza mwenyewe.

Nikamwambia aliondoe beseni, linaharibu picha.

Akasema, "Mama Atija, chumvi hii imesomesha watoto wangu wote. Haiondoki. Kama kamera inaona haya, ifumbe jicho." Wanawake wakacheka, na beseni likabaki.

Atija alinieleza kazi yake hivi. Simu ukipiga picha, inaipika yenyewe na kukupakulia. Kamera yake haipiki. Inakuletea picha mbichi, kama samaki na magamba yake, utamu wote bado umo ndani, na mpishi ni wewe kwenye kompyuta. Ukizidisha, ni wewe. Ukiunguza, ni wewe. Nikaelewa mara moja. Mie nimepika tangu kabla kompyuta hazijafika Palma.

Jumamosi akahamia chumbani kwangu, kwa kuwa ndicho chenye kiza. Akaziba dirisha kwa blanketi ili mwanga wa nje usimdanganye rangi. Humo ndani tuliiva kama mihogo. Alipofungua picha nikanyong'onyea. Kamera ya thamani ile, na watu wamefifia kama kanga iliyosahauliwa juani mwaka mzima.

"Ndiyo ubichi wenyewe, mama," akasema. "Subiri."

Kompyuta ni kuukuu. Ukiigusa inafikiri, ukiigusa tena inakasirika. Basi tunasubiri. Kuna kialama kama kile kidude cha kudondoshea dawa ya macho, unakipeleka kwenye picha na kuiambia mashine, hapa ni peupe. Mashine ikishajua peupe ni wapi, inapanga rangi nyingine zote kwa kufuata hapo. Atija akatafuta peupe. Akabofya kipaji cha uso cha Bi Mwanaisha, kwenye msiro.

Mie nyuma yake sikungoja. Nilikuwa nimekwisha kutoa simu. Nikaipiga picha kompyuta, nikaituma kwenye kundi letu la wanawake, na maneno juu yake: Mnamwona mwanangu? Miwani yangu ilikuwa kichwani. Niliona ukubwa, sikuona rangi.

Watu wote walikuwa wamegeuka majivu. Majivu yenye ubuluu, midomo kama ya mtu aliyetolewa majini.

Sauti ya Bi Mwanaisha ilifika kwenye simu yangu Jumapili asubuhi, na nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. "Mama Atija, sie hatujafa bado. Mashamba tumehamishwa, makaburi ya wazee wetu yanahamishwa, na wewe sasa unatuhamishia humo humo makaburini? Kanga yangu nyekundu umenivisha kaniki. Eda nimeshakaa mara moja, inanitosha. Mwambie mwanao anitoe. Na hiyo shuleni kwenu hatuji, mie wala hawa wenzangu."

Kanga ile nyekundu ndiyo ya mwisho aliyonunuliwa na marehemu mumewe, alipokwenda Mtwara. Nilijua. Nilikuwepo siku alipoifungua kwenye karatasi yake.

Atija hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Alisema tu, sura ni ya mwenyewe, Bi Mwanaisha akikataa picha haitundikwi. Huwezi kumtoa mtu mmoja katikati ya mstari wa watu waliokumbatiana. Na fleshi yenye picha zote lazima iondoke kwa chapa, kibasi cha abiria cha Jumanne alfajiri, kwenda Pemba kuchapishwa, la sivyo ukuta utabaki mtupu.

Nilitaka kulia. Badala yake nikapika uji.

Tulipokunywa uji nikamwuliza, umebofya wapi? Akanionyesha. Nikamwambia, mwanangu, umekaa Pemba sana. Msiro si mweupe. Msiro una njano ndani, ni mti ule, una utomvu wake. Unaonekana mweupe kwa sababu umekaa juu ya ngozi yetu. Ukiiambia mashine kuwa huo ndio weupe wenyewe, mashine inafukuza njano yote kwenye picha, na njano ndiyo uhai wa mtu.

Akanitazama kama amenikuta leo. Nalikumbuka jicho lile. Nitalikumbuka nikiwa kizee.

Kwa furaha nikavuka mpaka. Nikamwambia abofye kanzu ya baba yake, hakuna kanzu nyeupe kama ile toka hapa mpaka Quionga, nimeifua kwa mikono yangu. Akabofya. Tukangoja. Wote wakawa manjano, mume wangu akafanana na embe.

"Mama," akasema taratibu, "kanzu uliitia buluu?"

Niliitia. Nyingi. Mwanamke gani anafua kanzu bila buluu?

Tukacheka mpaka nikashika ukuta. Kicheko cha watu waliochoka, kinachoanguka chenyewe katikati. Halafu tukarudi kutafuta. Ukuta ni wa udongo. Meno, aa, meno yetu yanajulikana. Pale nyuma kuna minazi iliyopigwa alama za rangi na watu wa mradi. Atija akaniuliza kama azifute, mashine inaweza. Nikasema ziache. Tusije tukawadanganya wajukuu kwamba hatukuambiwa.

Kisha nikaliona beseni.

Pembeni kabisa, nusu limekatwa. Chumvi. Haina utomvu, haina buluu, haina sifa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akabofya chumvi. Kompyuta ikafikiri muda mrefu kuliko siku zote, na mie nikashika shanga zangu.

Kwanza ikarudi kanga. Nyekundu ile ile ya kwenye karatasi. Halafu ngozi, kila mmoja na weusi wake, na msiro ukawa msiro, rangi ya tui la kwanza. Nyuma udongo ukarudi kuwa udongo. Niliwaona wanapumua.

Zilibaki picha kumi na moja nyingine, za ua ule ule na saa ile ile. Atija akazipika zote kwa chumvi hiyo moja. Tulimaliza leo saa nne asubuhi. Macho yanawasha, mgongo si wangu tena.

Lakini ruhusa bado.

Nikaifunga kompyuta kwenye kanga mbili kama mtoto mchanga, nikapanda pikipiki, nikamwambia dereva akipita shimoni nitamlaani mpaka kwa babu yake. Atija nilimwacha. Kosa lilikuwa langu, nililibeba mwenyewe.

Bi Mwanaisha alikuwa anafunga vyungu kwa kamba. Hakunikaribisha, nikajikaribisha. Nikafungua. Akaangalia akiwa amesimama, kisha akachuchumaa, kisha akakaa chini kabisa. Kidole chake kikagusa kanga kwenye kioo cha kompyuta, kikafuata upindo wake mpaka begani.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Si kwangu.

Mie si mtu wa kuomba radhi. Mume wangu ni shahidi, ananidai radhi tangu ndoa. Lakini nilisema. Nilimwambia nilituma kwa kiherehere, sikuvaa miwani, nilitaka watu waseme mama yake ndiye huyu. Nikamwambia tulijaribu msiro tukawaua, tukajaribu kanzu yangu tukawapa homa ya manjano, na kilichotuonyesha ukweli ni chumvi yake.

Akageuka polepole. "Chumvi ipi?"

"Ile ya beseni."

"Uliyosema inaharibu picha?"

"Ndiyo hiyo."

"Sema vizuri, sikio hili limezeeka."

"Nilisema chumvi inaharibu picha. Chumvi ndiyo iliyoitengeneza."

"Sema tena, na Bi Fátima wa pale nyuma ya ua asikie."

Nikasema tena, kwa sauti. Nyuma ya ua mtu akapiga kigelegele. Nikawa mwekundu kama kanga, bahati njema weusi wangu unasitiri.

Akanifungia chumvi kwenye mfuko, kilo nzima, akaniwekea mapajani. Akasema picha itundikwe, na yeye atakuja na wenzake wote, lakini anataka kusimama karibu nayo, ili mtu akiuliza hili beseni la nini, amjibu mwenyewe. Halafu akarudi kwenye vyungu vyake. Nikashika upande wa pili wa kamba, tukafunga pamoja mpaka chungu cha mwisho.

Nimerudi. Fleshi nimeishona ndani ya mfuko wa kitambaa, mpwa wangu anaondoka nayo kesho. Atija amelala chini sakafuni, mdomo wazi, blanketi bado liko dirishani. Fundi mkubwa wa Palma yote, na anakoroma kama baba yake.

Najiuliza, Jumapili gari likishapita, nitakwenda kucheka kwa nani? Miguu inauma, nimeiweka kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi ya Bi Mwanaisha.

Kwa hiyo msiniambie mna shughuli. Picha zinarudi Ijumaa, gari linakuja Jumapili. Siku yetu ni moja iliyobaki katikati: Jumamosi, baada ya alasiri, pale shuleni, wote.

Na msiro mjipake.